Brittany Howard: Alisambaza Barua, Akabeba Grammy 4, Kisha Akaacha Bendi Ikiwa Juu

Ukiskia sauti ya Brittany Howard kabla umuone, utaapa ni mama wa kwaya aliyerekodiwa mwaka wa 1967. Koo imekwaruza, inanong'ona, inalia, alafu ghafla inapasuka hadi unarudi nyuma kwa kiti. Kisha unafungua video. Unapata dem amevaa miwani, gita ya Gibson SG imening'inia begani, na kando yake machali watatu wazungu, wapole, wanakaa ka wasee wametoka job saa hii tu.

Na kuna wakati walikuwa wametoka job kweli. Tutafika hapo.

Hii ni stori ya mwimbaji wa soul aliyeongoza bendi ya roki hadi namba moja Marekani, alafu akaiweka kando wakati kila mtu alikuwa anangoja albamu ya tatu. Kama unamjua kwa ngoma moja ama mbili tu, ama hujawahi kumskia kabisa, tumekuwekea kila kitu hapa: alipotoka, alichopoteza, ngoma za kuanza nazo, na kwa nini albamu yake ya kwanza ya solo imebeba jina la msichana ambaye hakuwahi kufika miaka 14.

Kwa haraka haraka

- Jina: Brittany Howard
- Alizaliwa: 2 Oktoba 1988, Athens, Alabama, Marekani
- Kazi: kuimba, kuchapa gita, kuandika ngoma
- Bendi iliyomtoa: Alabama Shakes
- Bendi za kando: Thunderbitch na Bermuda Triangle
- Albamu na Alabama Shakes: Boys & Girls (2012), Sound & Color (2015)
- Albamu za solo: Jaime (2019), What Now (2024)
- Grammy: 5 (nne akiwa na bendi, moja peke yake)

Athens, lakini si ile ya Ugiriki

Athens ya Brittany ni mji mdogo kaskazini mwa Alabama, eneo la mashamba ya pamba na barabara ndefu zisizo na watu. Mathake ni mzungu, fathake ni mweusi. Kwako hiyo inaweza kuwa habari ndogo, lakini Alabama ni kwingine. Mahakama ya juu zaidi Marekani ilifuta sheria za kuzuia weusi na wazungu kuoana mwaka wa 1967. Hata hivyo, hicho kipengele kilibaki kwa katiba ya jimbo la Alabama hadi 2000, wakati wananchi walipiga kura kukitoa. Na hata kwa hiyo kura, karibu watu 4 kati ya 10 walitaka kibaki. Brittany alikuwa na miaka 12.

Kuna kisa cha familia ambacho alikuja kuambiwa na mathake baadaye. Siku moja fathake alipata magurudumu ya gari yake yamekatwa, na kiti cha nyuma mtu amewacha kichwa cha mbuzi. Hakukuwa na barua. Ujumbe ulikuwa umeeleweka. Hicho kisa kilikaa ndani yake miaka mingi kabla akifanye ngoma, na hiyo ngoma tutairudia.

Lakini pigo kubwa lilitoka ndani ya nyumba. Brittany alikuwa na siz mkubwa, Jaime. Ni Jaime aliyemfundisha kupiga piano. Ni Jaime aliyemfundisha kuandika mashairi. Ukiona vile mtoto wa pili anafuata wa kwanza kila mahali, hivyo ndivyo walivyokuwa.

Jaime alikuwa na retinoblastoma, kansa ya macho inayopata watoto. Aliaga dunia 1998 akiwa na miaka 13. Brittany pia alizaliwa na huo ugonjwa. Yeye alipona, lakini jicho moja halioni vizuri hadi wa leo. Baada ya msiba wazazi wakaachana. Yule mtoto aliyekuwa na mwalimu wa muziki kwa nyumba akabaki na vile amefundishwa tu.

Tusimame hapa dakika moja, juu hii si stori ya Alabama peke yake. Retinoblastoma hupata watoto wadogo, mara nyingi wa chini ya miaka 5, na ikigunduliwa mapema hutibika. Dalili moja ya kuangalia ni weupe ndani ya mboni, na mara nyingi huonekana kwa picha ya flashi: jicho moja linang'aa jekundu, lingine jeupe. Ukiona hivyo kwa mtoto wa sistako ama wa jirani, usingoje. Mwambie mzazi ampeleke akaangaliwe macho.

Turudi kwa muziki.

Mbogi ya East Limestone

Akiwa shule ya upili ya East Limestone, Brittany alikutana na Zac Cockrell, mpiga besi. Walikuwa darasa moja la saikolojia. Wakaanza kukutana baada ya shule kutunga vitu vyao. Steve Johnson, aliyekuwa anafanya kazi kwa duka la vyombo vya muziki, akaingia na dramu. Wakarekodi demo. Hiyo demo ikamfikia Heath Fogg, mpiga gita aliyekuwa na bendi yake, akawaita wafungue shoo. Baadaye akaingia mazima. Hiyo ilikuwa 2009.

Walijiita The Shakes. Shida ni kwamba jina lilikuwa tayari na wenyewe, so wakaongeza jimbo lao mbele: Alabama Shakes.

Mwanzoni ilibidi wapige ngoma za watu, maana kwa baa za mtaani mlevi anataka kitu anachokijua. Na angalia walikuwa wanachanganya nini: James Brown na Otis Redding upande mmoja, Led Zeppelin na AC/DC upande mwingine. Walipoona watu wanadance hata wakichomeka ngoma zao wenyewe katikati, wakajua kuna kitu.

Mchana, kila mtu alikuwa na mboka yake. Heath alikuwa anapaka nyumba rangi. Zac alikuwa kwa kliniki ya wanyama. Steve alikuwa kwa kituo cha umeme wa nyuklia. Brittany alikuwa anasambaza barua za posta, nyumba moja hadi nyingine, barabara za mashambani. Jioni wanakutana kwa mazoezi. Wikendi wakipata pesa kidogo wanaendesha hadi Nashville kurekodi nyimbo chache, wanarudi, Jumatatu kazi.

Jirani yao anaitwa Muscle Shoals

Kuna kitu lazima ujue kuhusu hiyo sehemu ya Alabama ndio uelewe hii bendi. Ukiendesha gari kama saa moja kutoka Athens unafika Muscle Shoals, mji mdogo ulio na studio iliyobadilisha muziki wa dunia, FAME. Aretha Franklin alienda huko 1967 akarekodi I Never Loved a Man (the Way I Love You), ngoma iliyomfanya akawa yule Aretha tunayemjua. Kabla ya hapo alikuwa ametoa albamu kadhaa bila kulipuka vile.

Sasa hapa ndipo watu hushangaa. Wale waliokuwa wanampigia vyombo wengi wao walikuwa wazungu wa hapo hapo Alabama, vijana wa mashambani. Na 1968, kwa hiyo studio, Wilson Pickett, msee wa soul mzaliwa wa Alabama, aliimba Hey Jude ya Beatles huku kijana anaitwa Duane Allman akipiga gita. Duane baadaye alianzisha Allman Brothers Band, moja ya bendi kubwa za roki za kusini mwa Marekani.

Kwa hivyo sauti nyeusi ya soul ikiwa mbele ya wazungu wenye magita haikuanza na Brittany. Ni desturi ya hiyo sehemu. Hata mtu wa kwanza mwenye jina kuwashika mkono alikuwa Patterson Hood wa bendi ya Drive-By Truckers, na fathake Patterson, David Hood, alikuwa mpiga besi wa wale wale wanamuziki wa Muscle Shoals.

Tofauti ni hii. Kule studio, wapiga vyombo walikuwa wanaajiriwa kumsindikiza mwimbaji. Alabama Shakes ilikuwa bendi ya mabeshte wanne, na mwimbaji ndiye pia alikuwa anachapa gita na kuandika.

Julai 2011: simu haziishi

Mtandao wa muziki wa Aquarium Drunkard uliweka ngoma yao You Ain't Alone mwezi wa Julai 2011. Ghafla mameneja na lebo wote wanatafuta hii mbogi ya Athens. Kazi za mchana zikaachwa. Wakasaini na ATO Records kwa Marekani na Rough Trade kwa Uingereza.

Aprili 2012 wakaachilia Boys & Girls. Ngoma ya kwanza kabisa kwa albamu ni Hold On, wimbo wa mtu anayejisukuma asikate tamaa, anayeshangaa kuwa ametoboa hadi miaka 22. Ukijua stori ya Jaime, hiyo ngoma inabadilika masikioni. Jarida la Rolling Stone liliitaja wimbo bora wa mwaka. Albamu ikauza zaidi ya nakala nusu milioni Marekani.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Wakatembea na Jack White. Ngoma yao Always Alright ikaingia kwa filamu ya Silver Linings Playbook. Februari 2013 wakawa kwa Grammy, wameteuliwa mara tatu, ikiwemo msanii mpya bora. Hawakushinda hata moja usiku huo, lakini Brittany alipanda stegi na Elton John na Mavis Staples kumkumbuka Levon Helm, na watu wakatoka hapo wakiuliza yule dem wa miwani ni nani. Aprili mwaka huo huo wakapiga shoo ikulu ya Marekani, usiku wa kusherehekea soul ya Memphis, mbele ya Rais Obama. Ndiyo, huyo huyo wa K'Ogelo.

Kusambaza barua hadi ikulu, chini ya miaka mitatu. Wueh.

So ni soul ama ni roki?

Hapa ndipo shida ilianza, na ndipo stori inanoga.

Waandishi walikuwa wamepata kabati ya kumweka: soul ya kizamani. Kila makala ilimfananisha na Otis Redding ama Janis Joplin. Ni sifa, lakini ni sifa yenye mtego. Ukishaambiwa wewe ni soul ya 1967, kila kitu kipya utakachojaribu kitaitwa kupotea njia. Na bendi yenyewe ilikuwa inajiona bendi ya roki, iliyokulia Zeppelin na AC/DC kama vile ilikulia James Brown.

Upande wa pili, mashabiki wa roki walikuwa wanashangaa: mwanamke mweusi na gita ya umeme, mbele ya bendi ya roki? Hilo swali limegeuzwa kichwa chini. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi mzaliwa wa Arkansas, alikuwa anachapa gita ya umeme na kuimba gospo kwa mtindo wa roki miaka ya 40, kabla roki ipewe jina. Hound Dog iliimbwa kwanza na Big Mama Thornton 1952, mzaliwa wa Alabama. Elvis Presley alikuja nayo 1956. Kwa hivyo Brittany hakuwa mgeni kwa nyumba ya roki. Alikuwa mjukuu wa wenye nyumba.

Na wenyewe walikuja kukubali. Rosetta Tharpe alipoingizwa Rock & Roll Hall of Fame mwaka wa 2018, miaka 45 baada ya kifo chake, aliyepewa kazi ya kumuimbia na kumchapia gita ni Brittany Howard.

Sound & Color: wakavunja kabati

Baada ya Boys & Girls, njia rahisi ilikuwa kutoa Boys & Girls namba mbili. Mashabiki wangenunua. Walichofanya ni kuingia studio na prodyuza Blake Mills na kuchukua muda wao. Aprili 2015 ikatoka Sound & Color.

Ukibonyeza ngoma ya kwanza, haianzi na gita. Unaskia vibrafoni inagonga polepole, kama umeamka chombo cha angani. Kuna Gemini, safari ya zaidi ya dakika sita inayoelea ka moshi. Kuna The Greatest, inakimbia ka panki. Kuna Don't Wanna Fight, yenye mlio mwembamba kutoka kooni mwa Brittany kabla aanze kuimba, mlio ambao ukiuskia mara ya kwanza unadhani ni spika imeharibika. Na kwa besi ya Zac kichwa chako kinaanza kucheza chenyewe.

Ilifungua ikiwa namba moja kwa Billboard 200. Mwezi uliofuata walienda Paisley Park, kwake Prince, kupiga shoo, na Prince mwenyewe akapanda stegi na gita wakiwa kwa Gimme All Your Love. Kama unajua Prince alikuwa nani, hapo hakuna la kuongeza.

Februari 2016, kwa Grammy, wakabeba tatu: albamu bora ya muziki mbadala, onyesho bora la roki, na wimbo bora wa roki. Na injinia wao wakapewa tuzo ya kurekodi vizuri. Walikuwa pia wanashindania albamu bora ya mwaka na Kendrick Lamar, The Weeknd, Chris Stapleton na Taylor Swift. Taylor akaibeba.

Kumbe alikuwa anatafuta mlango

Ukiangalia vizuri, dalili zilikuwepo. Mwaka huo huo wa 2015 Brittany alitoa albamu ya Thunderbitch, roki ya vurugu, nyuso zimepakwa nyeupe, bila matangazo mengi. Baadaye akaunda Bermuda Triangle na Jesse Lafser na Becca Mancari, wanawake watatu na magita, muziki mtulivu kabisa. Mtu aliyetosheka na bendi moja haanzishi zingine mbili.

Wakati wa kuandika albamu ya tatu ya Alabama Shakes ulipofika, maneno hayakuja. Alijaribu, yakakataa. 2018, akikaribia miaka 30, akawaambia mabeshte wake kwamba anahitaji kufanya kitu chake. Hakukuwa na vita vya mtandaoni, hakuna mtu alimchafulia mwingine jina. Akafunga safari ndefu ya barabara kuvuka Marekani hadi California.

Fikiria hesabu yake. Uko na bendi namba moja. Shoo zinauza. Kuna wasee watatu walioacha mboka zao juu yenu nyote mliamini kitu kimoja, na sasa wewe ndiye unasimamisha gari. Mimi nimeacha vitu maishani, chuo ikiwemo, na naweza kukuambia watu hupenda kuita hiyo ushujaa ikishaenda vizuri. Siku yenyewe ya kuacha hujiskii shujaa. Unajiskia mtu anayeangusha wenzake.

Jaime

Kule California alikodi nyumba Topanga, akawa anaandikia ngoma kwa kichumba kidogo cha vioo cha kukuzia mimea, joto ndani halivumiliki. Anatengeneza demo zake mwenyewe kwa kompyuta: dramu, besi, gita, sauti zote. Kisha akaita wanamuziki wa jazi wa kiwango kingine, Robert Glasper kwa kinanda na Nate Smith kwa dramu. Na kwa besi? Zac Cockrell. Yule wa darasa la saikolojia. Kwa hivyo aliacha bendi, hakuacha beshte.

Septemba 2019 albamu ikatoka, na jina lake ni Jaime.

Watu walidhani ni albamu ya kumlilia siz. Brittany alieleza kwamba nyimbo zinamhusu yeye mwenyewe, lakini jina ni la mtu aliyemfundisha kila kitu anachofanya. Na kwa mara ya kwanza alisema vitu ambavyo ndani ya bendi ya wanne ni ngumu kusema. Georgia ni kumbukumbu ya msichana mdogo anayempenda msichana mwingine mkubwa na hajui atamwambia vipi. He Loves Me ni mazungumzo ya mtu ambaye haendi kanisani lakini anaamini Mungu hajamtupa. Na Goat Head ni kile kisa cha kichwa cha mbuzi. Ndani yake anauliza maswali ya mtoto wa rangi mbili Alabama, sauti ya chini kabisa, bila kupiga kelele. Yule yule mwenye koo la kubomoa ukuta ndiye amechagua kunong'ona hapo, na inauma zaidi.

Ngoma iliyopendwa zaidi ni Stay High. Ni wimbo mwepesi, wa furaha, uliotokana na kumfikiria fathake na watu wa kawaida wanaotoka kazini wamechoka na wanataka tu amani kidogo. Video ilishutiwa huko huko Athens. Terry Crews anaigiza msee wa kiwandani anaendesha gari kurudi nyumbani, anaimba kila neno.

Sasa skia hii. Kwa Grammy za 2021, nyimbo za hii albamu moja ziliteuliwa upande wa roki, upande wa muziki mbadala, upande wa R&B na upande wa muziki wa asili ya Marekani. Albamu moja, kabati nne. Lile swali la soul ama roki, hata waandaaji wa Grammy hawakuweza kulijibu. Stay High ikashinda wimbo bora wa roki.

What Now, kisha wakarudi

Februari 2024 akatoa What Now. Kati ya ngoma moja na nyingine utaskia mabakuli ya kioo yanavuma, yale ya kutuliza akili. Sauti ya mshairi Maya Angelou pia imo. Lakini kitu kitakachokushtua ni Prove It to You, ambayo ni hausi. Ndiyo, hausi ya klabu, besi inadunda, Brittany Howard anaomba mapenzi juu ya biti ya saa nane usiku. Mtu wa soul ya 1967 yuko wapi hapo?

Alafu kitu ambacho wengi walikuwa wameacha kungoja kikafanyika. Desemba 2024, kwa shoo ya kuchangisha pesa huko Tuscaloosa, Alabama, Brittany alipanda stegi na Zac na Heath. Alabama Shakes, mara ya kwanza tangu 2017. Mwaka wa 2025 wakatangaza ziara, na Agosti wakatoa ngoma mpya, Another Life, wakiwa watatu.

Kwa hivyo ule mlango aliotoka nao 2018 haukufungwa. Alirudi akiwa na albamu mbili zake, na hakuna mtu tena anayeweza kumwambia yeye ni kitu gani.

Anza na hizi

Kama ni mara yako ya kwanza, weka hedifoni, usikimbie, fuata hii orodha:

1. Hold On (2012). Hapa ndipo dunia ilimjua. Skiza vile bendi inamngoja yeye, haimsukumi.
2. You Ain't Alone (2012). Soul tupu. Dakika za mwisho anaachilia kila kitu.
3. Don't Wanna Fight (2015). Ule mlio wa mwanzo. Weka sauti juu.
4. Gimme All Your Love (2015). Tafuta pia video za laivu. Ikifika katikati inapobadilika, utaelewa kwa nini Prince alichukua gita.
5. Stay High (2019). Ya Ijumaa jioni ukiwa kwa mathree unarudi keja.
6. Goat Head (2019). Skiza ukiwa peke yako.
7. Prove It to You (2024). Ya kuwathibitishia mabeshte wako kwamba huyu si msanii wa wazee.

Ukimaliza hizo saba, rudi kwa Hold On tena. Sasa unajua kulikuwa na wasichana wawili kwa ile nyumba ya Athens, wote na ugonjwa mmoja wa macho, na mmoja tu ndiye alipata nafasi ya kufika miaka 22. Alafu tuambie: ungekuwa wewe, na bendi ni namba moja, ungeacha?